Imekatazwa, Lakini Bado Ipo: Safari ya DDT Hewani na Baharini

Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitoa taarifa fupi kwamba wamekuta mabaki ya DDT katika miili ya pengwini na ya sili wa Antaktika. Habari hiyo iliwashangaza wengi. Huko Antaktika hakuna shamba la pamba, hakuna mbu wa malaria, hakuna ghala la mahindi. Hakuna mkulima aliyewahi kupuliza dawa katika barafu ile. Sumu ilikuwa imesafiri yenyewe maelfu ya kilomita, ikaingia katika mafuta ya ndege ambaye hajawahi kuona shamba.

Tangu hapo nchi nyingi zimepiga marufuku DDT katika kilimo. Uswidi ilifanya hivyo mwaka 1970, Marekani mwaka 1972, na nyingine zikafuata. Hata hivyo, leo hii ukipima hewa, maji ya bahari, barafu, samaki au maziwa ya mama, katika sehemu nyingi za dunia bado utaikuta. Katika makala hii tunataka kueleza mambo matatu: kwa nini sumu hii haiishi, inasafiri kwa njia gani, na jambo hili linatudai nini sisi ambao wengi wetu tulizaliwa baada ya marufuku hizo.

Tuanze na maneno

Kwa Kiswahili cha kitaalamu, kemikali zinazoua viumbe waharibifu wa mazao au waenezao magonjwa huitwa viuatilifu. Lakini mitaani na mashambani tunasema "dawa": dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya nyanya. Neno hilohilo tunalitumia kwa kidonge cha homa na kwa kitu kinachoua kila mdudu aliye shambani. Lugha yetu haina kosa, kwa maana kinachomwokoa mtoto na mbu ni dawa kweli. Lakini neno zuri linaweza kutusahaulisha kwamba dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine, na kwamba sumu haiulizi ni nani iliyekusudiwa.

DDT ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler, lakini kwa miaka 65 hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1939 Paul Hermann Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua kwamba inaua wadudu kwa kuwagusa tu, na kwamba ikishapakwa ukutani inaendelea kuua kwa miezi mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kuua chawa waliokuwa wakieneza homa ya tifasi, na mlipuko wa ugonjwa huo katika mji wa Naples, majira ya baridi ya mwaka 1943 na 1944, ulidhibitiwa. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Ni vizuri kukumbuka hilo kabla ya kuhukumu. Watu wale hawakuwa waovu. Waliona kemikali ya bei nafuu, isiyomwua binadamu papo hapo, inayodumu muda mrefu. Kudumu kwake kulionekana kuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Hatimaye sifa hiyohiyo ndiyo iliyogeuka kuwa tatizo.

Kwa nini haiozi

Vitu vingi vya asili huoza. Jani likianguka, vijidudu vya udongoni hulivunjavunja, na baada ya muda linakuwa mbolea. Molekuli ya DDT ina atomu tano za klorini zilizoshikamana imara na kaboni. Vijidudu vya udongoni vinapata shida kubwa kuuvunja muungano huo. Inakadiriwa kwamba ili nusu tu ya DDT iliyo katika udongo iishe, huchukua kati ya miaka 2 na miaka 15, na katika nchi za baridi huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Nusu ikiisha, nusu ya iliyobaki itataka muda mwingine kama huo, na kuendelea hivyo.

Tena kuisha kwenyewe mara nyingi si kuisha kweli. DDT ikibadilika hutoa hasa kemikali iitwayo DDE, ambayo nayo ni sumu na ni sugu kuliko mama yake. Kwa hiyo wapimaji wanaposema "DDT imepungua" hulazimika kuuliza pia DDE imeongezeka kiasi gani.

Sifa ya pili ni kwamba DDT haipendi maji bali hupenda mafuta. Ukiitia katika maji, huyeyuka kidogo mno. Lakini ikikutana na mafuta ndani ya mwili wa kiumbe, huingia humo na kukaa. Mwili hauwezi kuitoa kwa urahisi kwa njia ya mkojo kama unavyotoa chumvi iliyozidi. Tutaona baadaye jambo hili linazaa nini.

Njia ya hewa: kuruka kama panzi

Watu wengi wamewahi kuona vile vidonge vyeupe vinavyowekwa katika sanduku la nguo ili kufukuza wadudu. Baada ya miezi kadhaa unafungua sanduku na kukuta vimekuwa vidogo, au vimetoweka kabisa. Havikuliwa na mtu. Vimegeuka mvuke polepole bila kupitia hali ya maji, na mvuke huo ndio harufu unayoisikia.

DDT na viuatilifu vya jamii yake hufanya vivyo hivyo, ila polepole zaidi. Jua la nchi za joto likipiga udongo uliopuliziwa, sehemu ndogo ya sumu hugeuka mvuke na kupanda hewani. Upepo huibeba. Ikifika mahali penye baridi, hutulia tena juu ya ardhi, majani, maji au theluji, kama mvuke wa sufuria unavyogeuka matone ukigusa kifuniko kilichopoa. Joto likirudi, hupanda tena na kusonga mbele. Wanasayansi wameufananisha mwendo huu na mruko wa panzi: anaruka, anatua, anapumzika, anaruka tena.

Panzi huyu ana upande anaouelekea. Mahali penye joto anapanda kwa urahisi, na mahali penye baridi kali anatua na kukosa nguvu ya kuruka tena. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, sumu huelekea kujilimbikiza katika maeneo ya baridi: milima mirefu, Aktiki na Antaktika. Ndiyo maana pengwini walikutwa nayo. Watu na wanyama wasiowahi kunufaika hata kwa gunia moja la pamba wakawa ghala la mwisho la sumu ya pamba.

Njia ya bahari: ghala linalorudisha

Bahari ni njia ya pili, nayo ni ya taratibu zaidi. Mfano ulio wazi ni wa kiuatilifu kingine kiitwacho HCH, kilichotumika kwa wingi sana barani Asia. HCH ya viwandani ilikuwa mchanganyiko wa aina kadhaa za molekuli, na mbili kati yake zinatufundisha jambo. Aina ya alfa hupanda hewani kwa urahisi, hivyo ilifika Aktiki mapema kwa upepo. Aina ya beta hupenda zaidi kukaa majini. Hiyo ilisafiri na mikondo ya Bahari ya Pasifiki hadi ikapenya Mlango-Bahari wa Bering kuingia Aktiki, ikiwa imechelewa miaka kadhaa nyuma ya mwenzake. Mzigo mmoja ulipanda vyombo viwili, kimoja cha upepo na kingine cha maji.

China ilikataza matumizi ya HCH hiyo mwaka 1983. Baada ya hapo kiasi cha alfa katika hewa ya Aktiki kilishuka haraka. Ilikuwa habari njema. Lakini katika miaka ya 1990 Terry Bidleman na wenzake walionyesha jambo ambalo halikutazamiwa na wengi: maji ya bahari ya Aktiki, ambayo kwa miongo mingi yalikuwa yakipokea sumu kutoka hewani, sasa yalikuwa yameanza kuirudisha hewani. Hewa ilikuwa imesafika kuliko maji, basi sumu ikaanza kurudi ilikotoka.

Hali ni hiyohiyo kwa DDT. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Ujerumani, Irene Stemmler na Gerhard Lammel, walitumia hesabu za kompyuta kufuatilia DDT baharini tangu mwaka 1950. Waliona kwamba sehemu ya magharibi ya Atlantiki ya Kaskazini ilikwisha kugeuka kutoka mpokeaji kuwa mtoaji tangu miaka ya 1970, na kwamba sehemu nyingine za bahari zilikuwa zikifuata. Upande wa kusini, mwaka 2008 watafiti waliripoti kwamba DDT katika pengwini wa Adélie wa Rasi ya Antaktika haikuwa imepungua kwa miaka 30, ingawa matumizi duniani yalikuwa yamepungua sana. Maelezo yao yalikuwa kwamba mito ya barafu inayoyeyuka inaachilia sumu iliyoganda humo tangu enzi za upuliziaji mkubwa.

Tunaona hapa kwamba sheria ina uwezo mkubwa na pia ina mpaka. Sheria huzuia tendo jipya, lakini haiwezi kulirudisha tendo lililokwisha kufanyika. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Kutoka majini hadi sahani

Mtu anaweza kusema: bahari ni kubwa, sumu iliyomo ni chembe tu, kuna hofu gani? Jibu liko katika ile sifa ya kupenda mafuta.

Viumbe vidogo vya majini viitwavyo planktoni huokota sumu kidogo kidogo. Samaki mdogo hula planktoni wengi sana katika maisha yake, na sumu yote waliyokuwa nayo hubaki katika mafuta yake. Samaki mkubwa hula wadogo wengi. Ndege, sili au binadamu hula samaki wakubwa. Chakula kinatumika na kwisha, lakini sumu inabaki, na katika kila ngazi inakuwa nzito zaidi. Mwaka 1967 George Woodwell na wenzake walipima kinamasi cha Long Island, New York, kilichopuliziwa DDT dhidi ya mbu kwa miaka mingi. Katika planktoni walikuta sehemu 0.04 za DDT kwa kila sehemu milioni. Katika mnandi, ndege mla samaki, kiasi kilizidi sehemu 20. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara 500 ndani ya kinamasi kimoja.

Ndege walilipa kwanza. DDE huvuruga upatikanaji wa kalisi katika utengenezaji wa ganda la yai, hivyo ganda linakuwa jembamba na mama analivunja kwa kulilalia. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, California, zaidi ya majaribio 500 ya mwari wa kahawia kutaga na kulalia yalitoa kifaranga kimoja tu. Tai mweupe kichwa, ambaye ni nembo ya taifa la Marekani, alibaki na jozi 417 tu zenye viota katika majimbo 48 ya bara mwaka 1963. Rachel Carson, mwanabiolojia wa bahari, alikuwa ameonya juu ya mambo haya katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962. Alidhihakiwa sana na watu wa viwanda, akafa kwa saratani mwaka 1964 kabla ya kuona marufuku.

Baada ya ndege walikuja watu. Wainuit wa Aktiki huishi kwa sili, nyangumi na samaki, vyakula vyenye mafuta mengi ambavyo ndivyo vinavyowawezesha kuishi katika baridi ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari Éric Dewailly alipima maziwa ya akina mama wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, akitazamia kukuta maziwa safi kwa sababu waliishi mbali na viwanda. Alikuta kinyume chake: kemikali za jamii hii zilikuwa nyingi kuliko kwa akina mama wa kusini wenye viwanda na mashamba. Waliokuwa mbali kabisa na kosa ndio waliokuwa wamebeba mzigo wake, tena katika maziwa ya mtoto mchanga. Tuseme wazi, ili tusimtishe mama yeyote: Shirika la Afya Duniani linaendelea kufundisha kwamba faida za kunyonyesha ni kubwa kuliko hatari hiyo. Lakini haipasi mama kuwekwa katika hali ya kuuliza swali hilo.

Kilichozikwa chini ya bahari

Safari za upepo na mikondo hazikukusudiwa na mtu. Kuna sumu nyingine iliyopelekwa baharini kwa mkono. Kiwanda cha Montrose, karibu na Los Angeles, kilitengeneza DDT kuanzia mwaka 1947 hadi 1982. Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1970, tani zipatazo 1,700 za DDT zilipita katika mabomba ya maji machafu ya mji na kutua katika sakafu ya bahari ya Palos Verdes. Taka nyingine zilipakiwa katika majahazi ya chuma na kwenda kumwagwa katika kilindi, mita 900 hivi chini ya uso wa bahari. Mwaka 2011 Profesa David Valentine wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliteremsha kamera huko na kuona mapipa. Mwaka 2021 Taasisi ya Scripps ilichunguza eneo hilo kwa vyombo vya sauti na kuhesabu vitu vipatavyo 27,000 vyenye umbo la pipa. Baadaye mamlaka za mazingira zilieleza kwamba sehemu kubwa ya taka za DDT ilimwagwa moja kwa moja majini bila hata pipa. Mashapo ya huko bado yana DDT nyingi baada ya nusu karne.

Tazama pia tarehe. Marekani ilikataza DDT kwa matumizi ya ndani mwaka 1972, lakini kiwanda kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya kuuza nje kwa miaka kumi zaidi. Kilichoonekana hakifai nyumbani kilionekana kinafaa kwa wengine. Na kwa vile upepo hautambui mipaka, iliyouzwa nje haikukosa njia ya kurudi.

Na kwetu je?

Mambo haya si ya mbali. Katika miaka ya 1950 eneo la Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, lilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la kupambana na malaria. Nyumba zilipuliziwa dieldrini, ndugu wa DDT. Maambukizi yalishuka sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Zanzibar nayo ilipuliziwa viuatilifu vya aina hii hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuna watu wanaoishi leo kwa sababu mbu wale walikufa, na hatuna haki ya kusema vinginevyo.

Lakini kuna upande wa pili. Huko Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada kutoka nje katika miaka ya 1980, mingine ikiwa imekwisha muda wake, iliachwa katika banda la shamba hadi ikavuja. Shehena iliondolewa baadaye, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba udongo wa mahali pale ulibaki umechafuka vibaya kwa DDT na HCH. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya pwani ya jiji hilo: katika mashapo na viumbe wa baharini walikuta mabaki ya DDT na dieldrini. Mvuvi wa Kunduchi na mama wa Nunavik hawajuani, lakini wanakula kutoka bahari moja.

Nani anawajibika?

Hapa ndipo sisi tunaosoma falsafa tunapata kazi. Je, Müller alitenda dhambi? Je, mpuliziaji wa Upare alikosa? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anasema tendo lililofanywa kwa kutojua halihesabiwi sawa na lililotakwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino analifafanua zaidi katika Summa Theologiae (I-II, swali la 6, kipengele cha 8). Kuna kutojua kunakotangulia utashi, ambako mtu asingeweza kukuepuka. Na kuna kutojua kunakotakwa, pale mtu anapokataa kujua ili asizuiwe, au anapozembea kujifunza jambo alilopaswa kulijua. Kwa kutojua kwa namna ya kwanza mtu hana lawama. Kwa namna ya pili lawama inabaki.

Kwa kipimo hicho, mwaka 1945 na mwaka 1975 haviko sawa. Baada ya pengwini, baada ya Carson, baada ya mwari wa Anacapa, aliyemwaga taka baharini au kusafirisha nje kilichokatazwa kwake hakuweza tena kusema "sikujua". Na sisi wa leo tuna nafasi ndogo zaidi ya kusema hivyo.

Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 juu ya kanuni ya uwajibikaji, aliona kwamba maadili ya zamani yalifikiri zaidi juu ya jirani aliye karibu na tendo linaloisha upesi. Teknolojia imerefusha mkono wetu hadi kwa watu wasiozaliwa bado, na kwa hiyo wajibu nao umerefuka. Tukijiuliza "jirani yangu ni nani?", DDT inatupa jibu ambalo hatukulitazamia: ni pamoja na mtoto atakayezaliwa miaka 60 ijayo mahali tusipopajua.

Lakini je, tunawajibika kwa kosa tusilolitenda? Mafundisho ya Kanisa kuhusu kitubio yanasaidia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1459) inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini halirekebishi vurugu zote ambazo dhambi imezisababisha. Aliyeiba lazima arudishe. Marufuku ya DDT ilikuwa kama kukiri na kuazimia kutorudia. Ilikuwa ya lazima, lakini malipizi bado. Mapipa, maghala, udongo na bahari ni vurugu iliyobaki. Nasi, hata kama hatukutenda, tumerithi. Mtoto anayerithi shamba la baba hurithi pia deni lililo juu yake. Tulipokea mazao ya bei nafuu na nyumba zisizo na mbu, kwa hiyo hatuwezi kupokea faida peke yake.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, anazitaja sumu za kilimo na kujilimbikiza kwake katika miili ya watu (namba 20 na 21), anataka kujitahadhari mapema pale penye hatari ya madhara makubwa yasiyorekebishika (namba 186), na anasema haki kwa vizazi vijavyo si hiari bali ni haki ya msingi (namba 159).

Swali gumu la malaria

Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, ulizikabili kwanza kemikali 12 sugu, tisa kati yake zikiwa zimetumika kama viuatilifu. Tanzania na Kenya ziliuridhia mwaka 2004. Hata hivyo mkataba huo haukuifuta DDT kabisa. Uliacha mlango mmoja: kupuliza ndani ya nyumba dhidi ya wadudu waenezao magonjwa, pale pasipo njia nyingine salama na nafuu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitamka tena kwamba matumizi hayo yanakubalika kwa kufuata masharti.

Baadhi ya watu huona hapa unafiki. Sisi hatuoni hivyo. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwaga tani nyingi kwa ndege juu ya mashamba, na kupaka gramu chache ukutani mwa chumba alalamo mtoto. Tendo la pili lina lengo jema, kipimo na mpaka. Fadhila ya busara haisemi "kamwe" wala "ruksa" kabla ya kupima mazingira. Lakini busara hiyohiyo inadai kwamba mlango ulioachwa kwa ajili ya mtoto usitumiwe kupitisha magunia ya shambani, na kwamba utafutaji wa njia nyingine usilegee. Maskini asiachwe peke yake kuchagua kati ya malaria na sumu, kana kwamba hakuna la tatu.

Tufanye nini

Tusidhani kwamba kila kitu kimeharibika. Katika maziwa ya akina mama wa Uswidi, yanayopimwa kwa miongo mingi, DDT imeshuka sana tangu marufuku. Tai wa Marekani wamerudi, na mwaka 2007 waliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini wakiwa na jozi zaidi ya 9,700. Marufuku hufanya kazi. Inafanya kazi polepole, kwa mwendo wa vizazi, na kila mwaka wa kuchelewa huongeza miaka ya kusubiri.

Kwa upande wetu yapo mambo ya kawaida yanayowezekana katika parokia, jumuiya ndogondogo, shule na mashamba ya seminari. Tusinunue viuatilifu vilivyofungwa upya katika mifuko au chupa za maji bila lebo. Tuheshimu siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna, hasa kwa nyanya na mboga za majani tunazowauzia wengine. Chupa na makopo matupu tusiyatumie kuwekea maji, mafuta au maziwa. Mahali penye ghala la zamani lenye unga au maji yasiyojulikana, tusimwage mtoni wala kuchoma moto, bali tutoe taarifa kwa bwana shamba au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kumwaga mtoni ni kupeleka baharini, na kuchoma ovyo ni kupeleka hewani. Makala hii yote imeeleza mambo yanayofuata baada ya hapo.

Tena tunapohubiri na kufundisha juu ya dhambi, tusiishie kwenye yale yanayoonekana siku hiyohiyo. Majuto ni mjukuu, walisema wazee wetu, wakimaanisha kwamba majuto huja nyuma ya tendo. Katika habari ya sumu hizi methali hiyo inatimia neno kwa neno: aliyepuliza ni babu, na anayezibeba mwilini ni mjukuu. Sisi tuko katikati yao. La babu hatuwezi kulifuta, lakini mjukuu bado hajazaliwa, na lililo mikononi mwetu leo bado halijamwagwa.